Jibu kwa Somoe

Picha zako zimefika, zote kumi na tisa.
Nilizifungulia kwa Chilumba, pale pa kuchajia simu,
na waliosubiri zamu wakachungulia begani:
uwanja uliotandazwa mawe kama magamba ya changu,
kanisa la minara miwili, mmoja umefungwa vyuma
kama mguu uliovunjika,
na mtu wa shaba juu ya farasi wa shaba,
njiwa kamtua kofiani.
Muuza kahawa akauliza: huyu alipigana na nani?
Sikujua. Hukuandika.

Basi jana, Jumapili, nikasema nami nitalii.
Nikavaa viatu vya Idi,
nikaingia Mikindani kama mtu aliyelipa kiingilio.

Nilianza na Boma. Jeupe, limekaa vilevile kilimani
kama mgeni asiyeambiwa karibu na asiyeaga.
Tumelipita miaka yote ya shule, mikoba kichwani,
wala hatukuwahi kusimama.
Jana nilisimama. Nikatazama juu hadi shingo ikauma.
Mlinzi akaniuliza: dada, umepotea?
Natalii, nikamwambia.
Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikashuka hadi lile jengo wanaloliita soko la watumwa.
Uliandika kwamba viwanja vya huko
"vinajua kunyamaza."
Hapa hakunyamazi: cherehani inashona sare za shule,
redio inatangaza mpira,
mtoto kanyimwa kashata, mtaa mzima umejua.
Nilitafuta pa kusimama nipige picha
nikapakosa.
Kila nilipoweka mguu niliona nimemkanyaga mtu
aliyewahi kusimama hapohapo akihesabiwa meno.
Simu nikairudisha kwapani.
Nikanunua vifungo vinne. Sikuwa na nguo ya kuvitia.

Ile ghorofa yenye roshani, mtaa wa nyuma,
tuliyoambiwa ina jini, jini wake ni popo.
Roshani imebaki mbao tatu na kamba ya kuanikia.
Mlango wa nakshi uliuzwa, ukapandishwa lori usiku;
mahali pake pana bati,
na juu ya bati mkaa umeandika:
USIKOJOE HAPA, FAINI ELFU KUMI.
Nilichungulia tunduni. Sebuleni umeota mpapai,
umepita pale palipokuwa na dari,
umezaa sita.
Huko kwenu wangekata tiketi.

Nyumba ya Binti Mfaume, yenye dirisha la upinde,
usiitafute.
Masika ya mwaka juzi ukuta wa kusini ulianguka,
usiku, kwa sauti ya mtu anayesafisha koo.
Asubuhi watu walikuja na matoroli.

Nami nilikuja na toroli.

Matumbawe ni mepesi kuliko unavyodhani, Somoe.
Yana vitundu, na ndani ya kila kitundu nyota,
kana kwamba bahari iliyapiga mhuri kabla ya kuyaachia.
Fundi Nangomwa alinionya:
mawe haya na saruji hayatapatana,
yamezoea chokaa, na mchoma chokaa hayupo tena.
Nikamwambia jenga.
Jiko limesimama. Mvua ikikaribia
kuta zinatoka jasho la chumvi,
na mimi nazipangusa kwa kanga
kama mtu anayeuguza.

Ukirudi nitakutembeza, ramani ya nini.
Boma, soko, mpapai, kisha kwangu.
Dirisha la upinde lipo.
Nililibeba vipande kumi na kimoja,
nikaviandika namba kwa chaki
upinde usije ukasahau ulivyokunjwa.
Saba na nane zilibadilishana; utaona, pale kushoto.
Siku hizi linapitisha moshi wa kuni za mkorosho.

Utakaa kwenye mbuzi ya nazi, hakuna kiti,
utainua uso kama ulivyoinulia ile minara,
utaniuliza lilijengwa na mikono ya nani.

Nitasema sijui.
Nitasema kuna nazi.