Hesabu ya Nyanguge

Mwaka wa kwanza nilihesabu hasara kwa vidole:
vitoto vya mbuzi watatu mwezi wa Februari,
wawili baada ya Pasaka,
na yule mwenye doa jeupe kwenye paji
nilimkuta kando ya jabali,
tumbo limefunguliwa kama mfuko wa sukari.

Mbweha, akasema jirani yangu Lukelesha,
wala hakuinama kutazama nyayo.
Wanakaa kwenye mawe yako.
Ukiwalea wewe, watakula na kwangu.

Mawe yangu. Ekari kumi na nne alizoacha baba:
sita za udongo, nane za majabali
yaliyobebana migongoni hadi karibu na ziwa.
Hati inasema langu linakoma mita sitini kabla ya maji.
Haikusema lolote juu ya anayelala chini ya jiwe.

Nikaenda Igogo kununua mapanki,
gunia zima, nikalifunga nyuma ya baiskeli,
nzi wakanisindikiza hadi nyumbani.
Dawa ya pamba ilikuwepo stoo tangu enzi za baba,
karatasi imebanduka nusu,
fuvu bado linacheka.
Nikapaka mifupa ile taratibu
kama mtu anayepaka mkate siagi.

Asubuhi:
mbweha wawili, jike na dume, wamelala karibu karibu
kama watu waliogombana wakapatana usingizini.
Kunguru saba.
Tai, bawa lake refu kuliko mlango wangu.
Nguchiro. Kenge aliyeelekea ziwani, hakufika.
Na Tajiri, mbwa wangu,
ambaye nilimfunga.
Naapa nilimfunga.

Lukelesha akanipa mkono. Kazi ni kazi, akasema.
Shimo la mbwa alilichimba Sayi, mke wangu,
peke yake, hakutaka jembe la pili.

Msimu ule mbuzi walizaa, wote wakakua.
Nikaanza kuwapa watu ushauri.

Kisha panya.
Kwanza mmoja nyuma ya pipa, sikumjali.
Wakafukua choroko kabla haijaota,
mbegu baada ya mbegu, wakifuata mstari
kana kwamba ndio waliovuta kamba siku ya kupanda.
Wakala dengu. Wakala sabuni.
Wakatoboa gunia la mpunga, Sayi akashona,
wakatoboa pale pale aliposhona.
Darini kila usiku harusi.

Usiku mmoja Sayi akaniuliza gizani,
Hivi mbweha alikuwa anakula nini
siku ambazo hakula mbuzi?

Nilijifanya nimelala. Nilikuwa nahesabu magunia:
mwaka wa mbweha, tisa.
Mwaka wa amani, mawili na nusu.

Tangu masika amerudi mmoja,
nadhani katokea upande wa Mto Simiyu,
sikio moja limepasuka.
Hupita kwenye mawe jua likizama,
hanitazami,
kama mpangaji asiyedaiwa.

Zizi nimelizungushia minyaa na miiba ya mgunga.
Mbuzi mwenye mimba tunalala naye ndani,
ameshatafuna chandarua upande wangu.
Sayi huacha taa ya sola mlangoni pa zizi.
Na bado, wiki jana, kachukua mmoja.
Sitajifanya mtakatifu: niliumia.
Niliingia stoo, nikaishika ile chupa,
nikaipima uzito mkononi,
nikasikiliza dari.
Kimya.

Leo jioni Lukelesha kaja na mapanki yake mwenyewe.
Mpaka ni mpaka, kasema,
lakini mbweha hasomi hati.
Kweli hasomi, nikamwambia. Karibu uketi.
Hakuketi. Alinitaka nimpe chupa.

Baiskeli yake inanuka hadi barazani.
Mbwa wetu mpya, mdogo, hata jina hana,
anavuta kamba kuifuata ile harufu.
Nimeinama, nimekaza fundo.
Lukelesha bado anasubiri jibu.
Nalikaza tena.