Kitanda cha Chini

Nilifika stesheni saa kumi na moja alfajiri,
nikakuta tofali limeshanitangulia.
La Mzee Kibwana, nikaambiwa, mwenyewe kaenda kuswali.
Nyuma ya tofali, kandambili moja ya bluu,
nyuma ya kandambili, dumu tupu la lita tano,
nyuma ya dumu, mimi,
mtu wa kwanza mwenye pumzi kwenye foleni ile.

Dirisha likafunguliwa saa mbili na robo.
Saa mbili na nusu likafungwa.
"Mtandao," akasema Eliaichi wa namba tatu,
kwa sauti ile tunayomtajia mgonjwa wa siku nyingi:
hajambo kidogo, tunamwachia Mungu.

Mama yuko kwangu Buguruni tangu Machi.
Alikuja na mtoto wa jicho, macho yote mawili,
akashikwa mkono kutoka behewani hadi kitandani.
Muhimbili wamemwondolea ukungu.
Sasa anaona vumbi juu ya kabati langu,
anaona mvi zangu, anauliza zimetoka wapi,
na anataka kurudi Kasulu
kabla maharage hayajapandwa bila yeye.

Basi hataki. Miguu humvimba kama mihogo iliyolowekwa.
Anataka treni, daraja la pili, kitanda cha chini,
kwa sababu mwanamke wa miaka sabini na nne
hapandi ngazi usiku mbele za watu.

Nikajaribu kwa simu, kama bango linavyoelekeza.
Ingiza namba ya kitambulisho. Nikaingiza.
Jina halilingani.
Kadi inasema Nyamwiza, mfumo unasema Nyamwisa,
na tarehe ya kuzaliwa ni Julai mosi,
ile wanayopewa wote ambao mama zao
walihesabu miaka kwa njaa na nzige.
Nikakubali awe Nyamwisa. Nikalipa.
Pesa ikaondoka upesi, bila hata kuuliza jina.
Tiketi haikuja.
Ombi lako linashughulikiwa.
Linashughulikiwa mpaka leo;
lingekuwa shamba, tungeshavuna.

Dirisha la tatu: nenda la tano.
La tano: zunguka nyuma, muulizie Mama Sikudhani.
Mama Sikudhani yuko kikaoni.
Kikao kinahusu malalamiko ya abiria.

Pale penye meza ya karanga kijana akaninong'oneza:
"Mzee, cha chini kipo. Ongeza ya maji tu."
Maji ya bei ile ningeoga mwezi mzima.
Nikakataa kwa sauti kubwa, watu wakageuka,
Mzee Kibwana akanipa mkono.
Nusu saa baadaye nikamtafuta kwa sauti ndogo.
Alikuwa ameshakiuza.

Nyumbani begi limefungwa tangu Jumanne,
kamba ya katani, mafundo matatu.
Kila asubuhi mama analegeza fundo moja, anatoa kanga.
Kila jioni anaifua, anaikunja, anairudisha.
Ameshaaga mtaa mzima mara mbili.
Bi Zamoyoni wa chumba cha mbele kamwambia:
"Dada, safari hii nitakuaga kwa mkopo."
Wakacheka mpaka wakakaa chini.
Mimi nilikuwa jikoni, nikibonyeza, nikisubiri,
duara dogo likizunguka kwenye kioo
kama kuku aliyefungwa mguu.

Jana nimepata.
Alhamisi ijayo, behewa la sita,
kitanda cha juu.

Nikamkabidhi karatasi huku nikitazama ukuta.
Hakunipa nimsomee.
Akaisogeza kwenye mwanga, akaisoma kwa macho yake mapya,
kidole kikitembea chini ya mstari,
taratibu, kikasimama.

"Huyu Nyamwisa ni nani?"

Ni wewe, mama.

Akaitazama tena, akanitazama na mimi, mvi zote.
"Basi yeye ndiye atakayelala huko juu,"
akasema,
akaenda kwenye begi
kulegeza fundo la pili.