Fomu ya Arobaini na Moja

Nyanzobe aliishika fomu yangu kichwa chini,
akaigeuza, akahesabu visanduku kwa kidole chenye utomvu:
jina la mti, sehemu itumikayo, ugonjwa, kipimo.
"Na wapi unaandika
kwamba huu nilionyeshwa na shangazi, usiku, mvua ikipiga,
mtoto mgongoni kakakamaa kwa degedege?"
Kwenye Maoni, mayo, nikasema.
Kisanduku cha Maoni kina urefu wa njiti ya kiberiti.

Hapo ni Usoke, reli nyuma yetu, miombo mbele.
Kashindye na panga, mimi na mkasi,
kibanio cha mbao, furushi la magazeti ya mwaka juzi.
"Mzima," akasema mama.
Mzima, nikajibu, sijui wewe.
Akacheka hadi akashika kiuno: ndilo jina la mti.
Nikaandika. Namba moja: mzima. Mizizi.

Namba nne, mlungulungu, shina lina vinundu vya miiba;
alinipa gome nitafune, ulimi ukafa ganzi,
nikauliza maswali matatu kwa kithembe.
Namba kumi na nne, nengonengo.
Mzizi ulinuka kama dawa ya kuchua ya wachezaji.
"Huu usiuzoee. Una mikono miwili:
mmoja unainua, mmoja unafukia."
Alichimba upande wa jua kuchomoza tu,
akarudishia udongo, akaushindilia kwa kisigino.
Namba ishirini aliipita bila kugeuza shingo.
Vipi huu? Kashindye akakohoa.
Daftari langu lina kumi na tisa, kisha ishirini na moja.
Ofisini watasema sijui kuhesabu.

Usiku, kwa tochi ya simu, nililaza majani kwenye magazeti:
msana juu ya matokeo ya ligi,
mtundulu juu ya tangazo la mnada wa nyumba,
na tunda la mninga, jua dogo lenye nywele,
juu ya bei ya tumbaku.
Nikakaza mikanda, nikalala.

Siku ya tatu mama alitangulia,
anaongea bila kuangalia njia:
mkalya mmoja, mkubwa, ndio uliomrudisha Mihayo
akiwa na miaka miwili, macho yameshageukia ndani.
Kisha akanyamaza, na panga la Kashindye likanyamaza.
Matuta ya tumbaku. Kisiki.
Ng'ambo ya matuta, bani,
linatoa moshi kwa utulivu kama mtu mwenye haki.

Mwenye bani akatoka, kifua wazi, masizi hadi kwenye kope.
"Mwangaluka, mayo."
"Mwangaluka, Mihayo."
Akatuletea viti viwili na ndoo iliyopinduliwa.
Akaeleza, na hakuna aliyemuuliza:
mbolea ya mkopo, chama cha msingi, mtoto kidato cha pili,
kuni za karibu zilikwisha tangu mwaka jana.
Mama yake alisikiliza hadi mwisho,
akamfuta masizi kwa ncha ya kitenge,
jicho moja, kisha la pili.
Akanigeukia mimi. "Andika."

Namba arobaini na moja. Mkalya.
Sehemu itumikayo: kuni.
Ugonjwa: deni.
Kipimo: wote.

Ofisini wameirudisha. Haikujazwa ipasavyo, wanasema,
na sampuli iko wapi?
Nimewapelekea bahasha. Ndani mna gome,
kipande alichobandua Kashindye kwenye kisiki tukiaga,
hakizidi njiti ya kiberiti,
na bado kinanuka moshi wa shina lake.