Tawi Bubu

Hamilton, Februari. Huku chumvi haikai jikoni tu,
malori huimwaga barabarani usiku, kwa ukarimu,
na kufikia asubuhi imeshaanza kula.
Ekzosi yangu iliila pole pole, kwa adabu, ikianzia kwenye maungio,
mpaka Jumanne bomba likadondoka mbele ya shule
na Mazda ikanguruma kama iliyotukaniwa mama yake.

Gereji wakaniandikia bei.
Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni,
nikaenda kununua mabomba matupu ya chuma cha pua,
mawili yaliyonyooka, manne yaliyopinda.
Ubishi nilikuwa nao tayari nyumbani.

Kwanza kupima. Nikaiba henga kabatini,
nikalala chali juu ya boksi la friji,
nikaupinda waya ufuate njia:
chini ya gia, ubavuni mwa tangi, juu ya ekseli, nje.
Henga saba. Makoti ya Saumu yakalazwa kitandani,
naye akasimama mlangoni, mikono kiunoni:
"Na hilo gari, likishavaa, linakwenda harusini?"

Sikumjibu. Lakini kweli nilikuwa nalishonea.
Mama yangu alikuwa fundi cherehani Korogwe;
kitambaa kikikataa kupinda, alikikata vipande
akaviunga, na bega likapata pa kukaa.
Basi kona ya ekseli nami nikaikata vipande vya tikiti,
vyembamba upande huu, vinene upande ule,
nikavishika kwa nukta tatu tatu za moto
kama yeye na pini zake, midomo imebana.

Mshono wa kwanza, uji ulioungua.
Wa tatu ukajikongoja.
Wa tisa ukatoka na rangi,
dhahabu, zambarau, buluu ya shingo ya njiwa,
nikaita watu waje waone.
Hakuja mtu.

Alikuja Zdravko wa nyumba ya pili,
saa tatu usiku, na kandambili kwenye theluji,
kulalamikia grinda.
Miaka thelathini na mmoja kiwanda cha chuma, masikio nusu yamebaki,
na hiyo nusu niliyokuwa naimaliza mimi.
Aliinama kunigombeza, akauona mshono, akasahau.
"Unavuja," akasema. "Wapi?" "Leta sabuni."

Tukachomeka kifyonza vumbi mkiani, kipulize badala ya kuvuta,
tukapaka povu kila kiungo.
Binti yangu Raihana akahesabu mapovu kwa sauti: moja, mbili,
la tatu kubwa kama yai.
Hapo. Tukachomelea tena.

Jumamosi nikalitoa barabara kuu.
Mjini lilikuwa na sauti nzuri, nzito, ya mtu aliyeshiba;
lakini kwenye kilomita mia, ni mvumo tu,
mvumo ndani ya meno, ndani ya kikombe cha chai.
Saumu alitikisa midomo, sikusikia neno.
Tulirudi kama waliogombana.

Dawa, akasema Zdravko, ni bomba lisilokwenda popote.
Tawi bubu, limezibwa mwisho.
Mlio huingia, hugonga kifuniko, hurudi umechelewa,
hukutana na mwenzake njiani, na yote miwili hunyamaza.
Nikasema huo ni uchawi. Akasema ni hesabu,
akaiandika nyuma ya ile bei ya gereji:
mita moja na sentimita saba.

Nililishona tawi lile kwa mikono inayoganda.
Hupumulii hewa ndani yake, halipitishi moshi,
ukiliona kando ya bomba utadhani fundi alipotea.

Jumapili, kilomita mia.
Kimya.
Nikasikia matairi, nikasikia Raihana akikoroma nyuma,
nikasikia nilivyokuwa nimebana pumzi tangu mataa ya mwisho.
Kisha, mbali, chini yetu, ting, ting, ting.
Saumu akainamisha kichwa, akasikiliza kama daktari.

"Hiyo," akasema, "ni henga yangu."