Mgongo wa Saimi

Uso wake nauona chumba cha kubadilishia nguo tu,
anapokaza kamba za viatu kwa meno na matusi.
Uwanjani namjua kwa mgongo:
namba saba iliyochanika mkia,
makalio yaliyoshuka kama ya mtu anayetafuta kigoda gizani,
na magoti ambayo hayajawahi kunyooka mbele ya adui.

Mimi ni golikipa. Kazi yangu ni kungoja.
Yake ni kurudi kwangu bila kunipa uso.

Mchana anaendesha lori la magogo, Kemijärvi hadi kiwandani,
na tela refu hulirudisha nyuma kwenye theluji
kwa kioo kimoja, cha pili kimeganda.
Labda ndiko alikojifunza
kwamba kinachokwenda kinyumenyume hakiendi kwa pupa,
kinakwenda kwa nyonga.

Tazama: makali ya ndani yanauma barafu,
mguu wa kushoto unachora nusu mwezi, unarejea kwake;
wa kulia unachora wake. Haunyanyuki.
"Ukinyanyua, umeaga," humwambia binti wa Haapala,
beki wetu mpya, miaka kumi na saba, mwepesi kama cheche,
anayependa kupishanisha miguu kwa kuwa inapendeza.
"Pishanisha akiwa mbali. Akikaribia, shona mshono wa kawaida."
Fimbo mbele, mkono mmoja.
Macho kifuani mwa anayekuja, si kwenye kisahani;
kisahani kina maneno mengi,
kifua hakijui kudanganya.
Na kati yenu nafasi ya fimbo moja na nusu:
ikizidi, umemkaribisha sebuleni;
ikipungua, ameshapita jikoni.

Jumamosi, na wale wa Tornio, tukiwa sare, dakika mbili zimebaki,
akaja yule mrefu, namba kumi na tisa,
mabega kushoto, kiuno kulia.
Saimi akampeleka ubaoni polepole,
kama anayemsindikiza mgeni asiyejua kuaga.
Ikafika saa ya kugeuka:
kisigino kitazame kisigino, nyonga ifunguke,
mwili ufuate.
Na Saimi, Saimi wa magoti,
akapishanisha miguu.

Mara moja tu.
Nilisikia kabla sijaona: chuma juu ya chuma,
sauti ndogo, kijiko ndani ya sufuria.
Akaenda chini kwa ubavu,
na mbele yangu pakawa peupe mno.

Garini hakusema kitu. Alikula soseji baridi,
akapangusa haradali kwenye suruali.
Binti wa Haapala alilia kwa niaba yetu sote.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, giza bado,
nimefuata glavu niliyoisahau.
Taa moja inawaka. Hakuna mtu.
Lakini barafu mbele ya goli langu imeandikwa:
nusu mwezi, nusu mwezi, nusu mwezi,
kutoka mstari wa buluu hadi miguuni mwa lango,
na kwenye pembe ileile, pale pale,
alama za visigino viwili vinavyotazamana,
mara thelathini, arobaini, nikaacha kuhesabu.
Nje lori linarudi nyuma,
linalia ule mlio wake wa kuonya watu wasiokuwepo.

Urpo akatoka na mashine yake ya kulainisha barafu,
akauliza kama aanze.
Nikamwambia,
anzia upande ule mwingine.