Kioo Kingine

Shinyalu, saa nne kasoro usiku. Radi
bado iko upande wa Kaimosi,
naihesabu: mmweko, moja, mbili… kumi na saba, ngurumo.
Bado nina muda.

Naitanua miguu ya tripodi barazani,
ule mbovu nimeufunga kwa mpira wa baiskeli.
Kamera niliyolipia kwa awamu kwa Shivachi
alipoacha harusi akaingia bodaboda
naivika mfuko wa nailoni wa zamani,
wa kabla ya marufuku,
nimeutoboa penye jicho tu.

Ndani, Mama anafanya yake.
Amechomoa redio. Amemvua mjukuu fulana nyekundu.
Sasa anafunika kioo cha kabati kwa leso,
kama afanyavyo kila msimu
tangu ng'ombe wa kina Imbenzi walale wanne
chini ya mkaratusi mmoja, bila jeraha.
"Kioo huita," asema. "Nawe uko huko nje unaalika."

Sijamwambia kwamba kamera nayo ina kioo.
Kidogo, kama stempu.
Nikibonyeza, hujiinua,
na kwa sekunde thelathini nzima
mimi niliye nyuma yake sioni kitu.
Umeme hauwindwi.
Hakuna kidole cha kuuwahi.
Unaacha mlango wazi gizani
ukitumaini mgeni atapita.

Mia mbili na kumi na moja nimefuta.
Giza. Giza na mbu. Giza lililotikisika.
Wingu lililowaka kwa ndani, kama tochi chini ya shuka.

Ya mia mbili na kumi na mbili
nilisikia kwanza mlango wa nyuma.
Kisha mbingu ikapasuka, mara tatu,
na kila mara sikuwahi kuhesabu hata moja.

Baadaye, kwenye skrini, chini ya blanketi:
msitu wote, karibu jani kwa jani,
mizizi mitatu myeupe ikitafuta udongo,
na Mama, asiyepigwa picha tangu ya kitambulisho,
yuko mara tatu.
Wa kwanza kando ya tangi la maji.
Wa pili katikati ya ua, mwepesi,
migomba inaonekana kupitia kifuani mwake.
Wa tatu hatua mbili kutoka kwenye lenzi,
ameinua leso kwa mikono miwili,
maandishi yake nusu yamesomeka:
MGENI AKIJA

sekunde zilizobaki
ni giza la pamba.

Sijamwonyesha.
Asubuhi ameianika leso uani,
akauliza tu kama mfuko ulivuja.