Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Mwalimu Nampoto alitufundisha kugawanya kwa njia ndefu,
Newala, darasa la tano B, dirisha halina kioo,
ukungu wa Juni unaingia bila hodi
na kuketi dawati la nyuma pamoja nasi wabishi.
"Baki haipotei," alisema. "Iandike pembeni."
Chaki aliitumia mpaka ikawa punje,
kisha akaimalizia kwa ukucha.

Mwaka ule bei ya korosho ilipoporomoka
akagombea udiwani.
Hakukodi spika, hakukodi ngoma.
Alipita nyumba kwa nyumba na daftari la mahudhurio,
akaita majina kama zamani:
Chinguwile? Nipo. Mkwanda? Nipo.
Fatu Nannyonga, mwenye wajukuu wanne,
aliacha kubangua, akasimama wima.
Utamnyima kura vipi mtu
aliyekushika mkono ukaandika herufi yako ya kwanza?

Mhafidhina: neno hilo nililikuta gazetini.
Yeye hakulitumia.
Alisema tu, "Kilichopo kimefika hapa kwa miguu yake."
Akapinga mkopo wa soko jipya.
Akapinga mitaa kubadilishwa majina.
Akapinga jando la spika na jenereta,
wazee wakampigia makofi;
kikao kilichofuata akapinga posho zao,
makofi yakanywea.
Mradi wa bomba aliupinga mara mbili, kwa hesabu,
na hesabu zilikuwa sahihi,
na mama zetu wakaendelea kupanda mteremko na ndoo kichwani.
Hilo nalo nimeliandika.

Mimi nilikuwa karani wa vikao.
Tarehe kumi na nne, ajenda namba sita:
wasichana waliojifungua, warudi shule au wasirudi?
Alisimama, akafunga kifungo cha koti kilicholegea.
"Kengele ikigongwa mara mbili
watoto hawajui tena ipi ni ya kuingia."
Wengine waliguna, wengine walipiga meza.
Nikaandika: Mhe. Nampoto anapinga.
Mwandiko wangu pale ni mzuri kuliko ukurasa wote.

Na jioni ileile
dada yangu Somoe alipita njia ya nyuma, mtoto mgongoni,
kama alivyopita kila Jumatatu na Alhamisi,
mpaka kwenye banda la Mwalimu la kuhifadhia salfa.
Mlango wa banda ndio ubao.
Nyusi za mzee zina unga wa njano, harufu inakaba koo,
na mtoto akianza kulia
yeye ndiye humchukua, akatembea naye katikati ya magunia
akimnong'oneza milinganyo:
hamisha upande wa pili, badili alama, hamisha.

Nilimvizia kwenye ngazi za ukumbi.
Nikamuuliza.
"Sheria ni ya wote," akasema.
"Huruma ni ya mmoja mmoja. Ukizimimina chungu kimoja zinachacha."
Somoe ni mmoja, Mwalimu. Na waliobaki?
Mkono wake ukaingia mfukoni kutafuta chaki,
ukatoka na funguo.
Akaniuliza kama mvua imefika Kitangari.

Alishindwa muhula wa tatu kwa kura kumi na tisa.
Somoe hafichi:
"Kura yangu sikumpa. Mihogo nilimpelekea."
Alipeleka kweli, kapu zima, na cheti cha mtihani juu yake,
akisome, kisha akirudishe.

Kabla hajakabidhi ofisi
aliomba vitabu vyote vya muhtasari, vya miaka kumi.
Alikaa navyo siku tatu na kalamu nyekundu.
Akanisahihishia "uhalmashauri", neno lisilokuwepo.
Akanitengea maneno niliyoyaunganisha.
Nilivyorudishiwa, nilifungua kwanza ajenda namba sita,
moyo ukinidunda kama siku ya matokeo.

Alikuwa ameongeza mkato mmoja
baada ya jina lake.
Uamuzi hakuugusa.
Pembeni, pale tulipofundishwa kuandika baki,
kuna nukta nyekundu,
kama kalamu iliyosimamishwa hapo kwa muda
na kuinuliwa.